Mkaa amilifu, bayochari au kitosani: kipi kinafaa maji yako?

Anayeanza utafiti wa kusafisha maji kwa mabaki ya mimea au ya viumbe vya baharini hukutana mapema na jedwali lenye majina ya vinasa uchafu upande mmoja, na uwezo wa kila kimoja kwa miligramu kwa gramu upande wa pili. Chenye namba kubwa ndicho kinachochaguliwa. Kazi nyingi hupotea njia hapo hapo. Namba ile mara nyingi imepimwa kwenye maji yenye uchafu mwingi mno, kwa pH inayokifaa kinasa chenyewe, bila chumvi nyingine ya kugombania nafasi. Maji yako hayako hivyo.

Vinasa vitatu vinavyoshindanishwa hapa vyote hutoka kwenye mabaki. Mkaa amilifu hutengenezwa kwa vifuu au mbao, kisha hutobolewa vitundu vidogo kwa mvuke au kemikali. Bayochari ni mkaa wa mimea au samadi uliochomwa penye hewa kidogo sana, bila hatua ya pili. Kitosani hutolewa kwenye magamba ya kaa na kamba wa baharini.

Kwanza hesabu, kisha jina

Mlinganyo wa Langmuir wa mwaka 1918 bado ndio unaotumika zaidi kueleza unasaji: q = qm × K × C ÷ (1 + K × C). Hapo qm ni uwezo wa juu kabisa, C ni kiasi cha uchafu kilichobaki majini, na K huonyesha kinasa kinavyoung'ang'ania uchafu ukiwa kidogo. Majedwali hutangaza qm na kuisahau K.

Chukua maji yenye risasi 0.05 mg kwa lita, yaani mara tano ya kiwango cha 0.01 kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kinasa cha kwanza kina qm ya 100 mg/g na K ya 0.01. Cha pili kina qm ya 20 tu, lakini K yake ni 2. Weka C = 0.05: cha kwanza kinabeba 0.05 mg kwa gramu, cha pili kinabeba 1.82. Kwa hiyo gramu moja ya "bingwa" wa jedwali inaishiwa baada ya lita moja, na gramu moja ya yule mnyonge inakwenda hadi lita 36 hivi. Ndiyo maana swali la kwanza si kinasa kipi kina nguvu. Ni uchafu gani, kiasi gani, na pH ya maji ni ngapi.

Jaribio linalofaa basi lianzie kwenye kiwango cha maji halisi. Tumia angalau dozi sita za kinasa, kwa mfano 0.05 hadi 5 g kwa lita, huku uchafu ukiwa uleule. Ongeza kalsiamu na bikabonati kwa kiasi kilichomo kwenye maji unayolenga. Matokeo yatashuka. Hayo yaliyoshuka ndiyo ya kweli.

Kila kimoja kinanasa nini

| | Mkaa amilifu | Bayochari | Kitosani |
|---|---|---|---|
| Hunasa vizuri | viuatilifu, harufu, viyeyusho, mabaki ya dawa. Huondoa klorini | risasi, kadimi, shaba | shaba, zebaki, kromati, rangi zenye chaji hasi |
| Huponyokwa na | metali nyingi, floraidi, nitrati | aseniki, floraidi, nitrati | viyeyusho na viuatilifu visivyo na chaji |
| Eneo la uso, m²/g | 500–1,500, wakati mwingine zaidi | chini ya 10 hadi mamia machache | mara nyingi chini ya 10 |
| Joto la kutengeneza | 400–1,000 °C | 350–700 °C | 100–120 °C, na kemikali nyingi |

Usidanganywe na safu ya eneo la uso. Kipimo hicho hufanywa kwa gesi ya naitrojeni juu ya kitu kikavu, kwa njia ya BET iliyotolewa mwaka 1938. Kitosani kikavu huonekana hapo kama jiwe. Kikilowa hufunguka, na vikundi vyake vya amini (sehemu zenye naitrojeni) hushika shaba kwa nguvu ambayo mkaa wenye mita za mraba 1,000 hauna. Eneo la uso lina maana kubwa kwa molekuli zinazopenda kujificha vitunduni. Kwa metali, kinachoamua ni kemia ya uso.

Hata vitundu navyo vina ukubwa wake. Mkaa wa vifuu una vitundu vingi vya chini ya nanomita 2, vizuri kwa viyeyusho vidogo na harufu. Molekuli kubwa za rangi haziingii. Kwa rangi, mkaa wa mbao uliotobolewa kwa asidi ya fosfori hushinda, kwa kuwa vitundu vyake ni vipana zaidi. Namba ya aidini inayotajwa kwenye magunia hupima vitundu vidogo tu, na haisemi lolote kuhusu risasi.

Bayochari haivutwi na aseniki wala floraidi kwa sababu hizo husafiri majini kama ioni hasi, na uso wake kwa kawaida nao una chaji hasi. Ukiilowesha kwenye kloridi ya feri, ukaikausha na kuichoma tena, hupata ngozi ya oksidi za chuma inayonasa aseniki. Ila aseniki (III), yaani iliyo katika hali ya oksidisho ya tatu, haina chaji majini mpaka pH ipite 9 hivi. Lazima ioksidishwe kwanza iwe aseniki (V), la sivyo nyingi itapita. Fosfati nayo hugombania nafasi zilezile. Kwa floraidi, acha vyote vitatu. Tafuta mkaa wa mifupa, uliochomwa kati ya 400 na 550 °C hivi, ambao kazi yake hufanywa na madini ya haidroksiapatiti, si na kaboni.

Kutengeneza: hapa ndipo "kijani" hupimwa

Bayochari ndiyo rahisi kutengeneza kuliko zote. Kausha malighafi, punguza iwe vipande vya milimita chache, funga chomboni kisichoingiza hewa lakini chenye njia ya kutolea moshi, pandisha joto nyuzi 5 hadi 10 kwa dakika mpaka 500 °C, shikilia saa moja au mbili, acha ipoe bila kufunguliwa. Ukifungua ikiwa na moto, itawaka na kubaki jivu. Mbao hutoa takriban theluthi moja ya uzito wake, au pungufu. Joto la chini, 300 hadi 400 °C, huacha vikundi vingi vya oksijeni juu ya uso. Joto la juu hupanua eneo la uso na kuongeza ualkali, lakini vikundi hivyo hupungua. Malighafi nayo huamua mengi: bayochari ya samadi ina fosfati inayofunga risasi iwe madini magumu kuyeyuka, wakati ya maganda ya mpunga imejaa silika, ambayo haisaidii sana kushika metali.

Kosa la kawaida ni moshi kukosa njia ya kutokea. Moshi ukipoa juu ya mkaa huacha lami yenye hidrokaboni zenye sumu. Utaijua kwa harufu ya moshi na maji ya kwanza kuwa ya manjano. Bayochari ya namna hiyo isiguse maji ya kunywa.

Mkaa amilifu hula malighafi zaidi. Kifuu kikichomwa hubaki kama robo, na mvuke wa 800 hadi 1,000 °C hula karibu nusu ya robo hiyo ili kutoboa vitundu. Kilo 10 za vifuu zikitoa kilo moja au moja na nusu ya mkaa mzuri, shukuru. Njia ya asidi ya fosfori huhitaji joto dogo zaidi, 400 hadi 500 °C, na hutoa mavuno makubwa kuliko mvuke, kwa uwiano wa asidi gramu 1 hadi 2 kwa gramu ya malighafi kavu. Lakini mkaa huo lazima uoshwe kwa maji ya moto hadi maji ya kuoshea yafike pH ya 6 au zaidi. Asidi iliyobaki vitunduni hutoka taratibu siku za baadaye na kuharibu kila kipimo.

Njia ya potasiamu haidroksaidi hutoa maeneo makubwa ya uso, wakati mwingine yanayokaribia 3,000 m²/g, na ndiyo inayovutia wanafunzi. Ina hatari ambayo haiandikwi vya kutosha. Joto likipita 700 °C, potasiamu yenyewe huweza kuzaliwa kama metali. Huchemka karibu na 760 °C, mvuke wake husafiri na kuganda kwenye ncha ya bomba la tanuri iliyo baridi. Ukimwaga maji hapo inawaka, na inaweza kulipuka. Poza chini ya naitrojeni mpaka joto la chumba, toa sampuli polepole, na zima mabaki kwa alkoholi kidogo kidogo ndani ya kabati la kuvuta hewa kabla maji hayajafika popote.

Kitosani hakihitaji tanuri, na kwa sababu hiyo huitwa rafiki wa mazingira bila hesabu kufanywa. Magamba huondolewa madini kwa asidi ya haidrokloriki ya 1 M (moli moja kwa lita) na protini kwa kostiki soda ya 1 M, kinabaki kitini. Kisha kitini huchemshwa kwenye kostiki soda ya asilimia 40 hadi 50 kwa saa kadhaa. Kwa kilo moja ya kitini utatumia lita 10 za mchanganyiko huo, wakati mwingine 15. Lita 10 za asilimia 45 zina uzito wa kilo 14.8 hivi, na ndani yake kostiki soda yenyewe ni kilo 6.7. Usiporudisha sehemu kubwa ya kostiki hiyo kwenye mzunguko unaofuata, umesafisha maji sehemu moja na kuyachafua sehemu nyingine. Swali hili liulizwe kabla ya kusifu uwezo wa kitosani chochote.

Makosa ya maabara yanayotoa ushindi wa uongo

La bayochari ndilo kubwa. Weka gramu moja ndani ya lita moja ya maji yaliyotoneshwa, tikisa saa 24, pima pH. Si ajabu kuona imepanda kutoka 5 hadi 9. Sasa kama majini mlikuwa na risasi nyingi, imejigandisha yenyewe kuwa haidroksidi au kabonati na kuzama, na mtafiti anaandika kwamba imenaswa. Dawa yake ni chupa ya kulinganishia: maji yenye risasi ileile, bila bayochari, yaliyopandishwa pH hadi 9 kwa kostiki soda. Chuja zote mbili kwa utando wa maikromita 0.45 na upime. Tofauti kati yake ndiyo inayoweza kuhusishwa na bayochari yenyewe. Tumia chupa za polipropilini, kwa kuwa glasi nayo hushika metali, na tia asidi ya nitriki baada ya kuchuja hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitia kabla ya kuchuja, unayeyusha tena kile kilichoganda.

Kwa kromiamu ya chaji sita, ile iliyomo kwenye kromati, kosa ni jingine. Kwenye maji ya asidi, bayochari, mkaa amilifu na hata kitosani vinaweza kuigeuza kuwa ya chaji tatu, ambayo hubaki majini. Kipimo cha rangi kinachoona chaji sita peke yake kitasema imeondoka. Pima kromiamu yote.

Kitosani kina mtego wake, nao uko kwenye vitone, yaani punje za mviringo ambazo kitosani hutengenezwa ili kitumike. Yeyusha gramu 2 hadi 3 kwenye mililita 100 za asidi ya siki ya asilimia 2, acha usiku mzima mapovu yatoke, kisha dondosha kwa sindano kwenye kostiki soda ya 0.5 M hadi 1 M inayozungushwa taratibu. Tone linapogusa kostiki, ngozi yake hujifunga palepale na ndani huendelea kuganda. Vitone vyenye mikia vinaonyesha uji ni mzito mno au sindano iko karibu sana na maji. Vilivyobonyea vinaonyesha umedondosha kutoka juu mno au uji ni mwepesi. Viache saa kadhaa, kisha uvioshe mpaka maji ya mwisho yawe na pH ya 7, na hapo ndipo watu huchoka mapema. Kostiki ikibaki katikati ya kitone, shaba huganda humo kama haidroksidi ya buluu na uwezo huonekana mkubwa ajabu. Kata kitone kimoja kwa wembe utazame: shaba iliyonaswa sawasawa hupaka rangi kitone chote, ilhali iliyoganda huonekana kama punje au pete nzito.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya kitone kibichi, mara nyingi zaidi ya asilimia 90, ni maji. Uwezo uripotiwe kwa uzito mkavu, lakini ukubwa wa chombo upangwe kwa ujazo wa vitone vibichi. Ukivikausha kwa hewa hunywea na kuwa vigumu, na njia za ndani hufungwa. Kukausha kwa kugandisha huzihifadhi vizuri zaidi.

pH huigeuza kabisa kazi ya kitosani. Chini ya 6.3 hivi, zaidi ya nusu ya amini zake zina chaji chanya. Kadiri pH inavyozidi kushuka, ndivyo kinavyosukuma shaba mbali na kuvuta kromati na rangi hasi. Kwa shaba fanya kazi kati ya 5 na 6, kwa kromati na rangi shuka hadi 3 au 4. Ila kwenye 3 kitosani kitupu huyeyuka katika aina nyingi za asidi, hivyo lazima minyororo yake iungwe, mara nyingi kwa glutaraldehaidi. Kila kiungo kinachowekwa hula amini. Anza na kiasi kidogo, loweka vitone kwenye asidi ya siki ya asilimia 1 kwa saa 24, na ongeza mpaka pale tu ambapo haviyeyuki tena. Zaidi ya hapo unajipunguzia uwezo bure. Na glutaraldehaidi ni sumu: osha mpaka isionekane kwenye maji ya kuoshea.

Ndani ya bomba

Kinachoshinda kwenye chupa ya kutikiswa kinaweza kushindwa kwenye bomba. Kwa maabara, bomba la kipenyo cha sentimita 2.5 lililojazwa sentimita 20 lina ujazo wa mililita 98. Ukipitisha mililita 10 kwa dakika, maji yanapata takriban dakika 10 za kukutana na kinasa. Punje za milimita 0.5 hadi 1 zinafaa. Zikiwa kubwa kuliko hapo, maji hutafuta njia pembezoni mwa ukuta. Kwa lita 100 kwa saa na dakika 10 zilezile, unahitaji lita 17 za kinasa.

Mkaa amilifu hapa hauna mpinzani. Ni mgumu, hukubali kuoshwa kwa maji ya kupanda kutoka chini, na tabia yake inajulikana vizuri. Uloweke saa 24 kabla ya kujaza na uumimine ukiwa na maji, la sivyo hewa iliyomo vitunduni hutengeneza mifereji mikavu. Adui yake mkubwa ni mboji iliyoyeyuka majini, ile inayotia maji rangi ya chai. Huziba vitundu na kuvinyima viuatilifu nafasi.

Bayochari nyingi husagika. Vumbi hushuka chini, shinikizo hupanda, mtiririko hufa. Chekecha, osha mpaka upitishaji umeme wa maji utulie, na weka tabaka la mchanga wa punje kubwa chini. Ipe muda mrefu zaidi wa kukutana na maji, anza na dakika 20 hadi 30. Vitone vya kitosani hubonyea kwa uzito wa vilivyo juu yao, na uchafu huchukua saa nyingi kufika katikati ya kitone cha milimita 3. Kwa hiyo kinafaa zaidi kwenye tangi la kukoroga, au kikipakwa kama ngozi nyembamba juu ya mchanga au bayochari.

Simamisha jaribio maji yanayotoka yanapofika kiwango kinachoruhusiwa. Kungoja bomba lijae kabisa hukupa namba ya kupendeza isiyomsaidia mnywaji.

Kikijaa, kinakwenda wapi?

Mkaa amilifu uliobeba kemikali za kikaboni kama viuatilifu na viyeyusho huchomwa upya kwa 800 hadi 900 °C bila oksijeni, na kila mzunguko hupoteza sehemu ya uzito, kwa kawaida asilimia 5 hadi 15. Tanuri la namna hiyo ni la kiwanda. Kitosani husafishwa kwa EDTA (kemikali inayofunga metali) au, kama minyororo imeungwa, asidi nyepesi. Kromati hutolewa kwa kostiki soda. Maji hayo ya kusafishia yana metali yote uliyoikusanya, tena kwa EDTA imefungwa kiasi kwamba haigandi kwa chokaa kirahisi. Ama una mpango wa maji hayo, ama hujamaliza utafiti.

Bayochari hutumika mara moja, kwa kawaida. Iliyobeba fosfati inaweza kurudi shambani. Iliyobeba risasi au kadimi isirudi kamwe, hata kama imeshikwa imara leo: udongo wa asidi huiachia. Jaribio la kawaida la kuvujisha, gramu 100 za mabaki kwenye lita 2 za asidi ya siki iliyopimwa pH, zikizungushwa saa 18, litakuonyesha kiasi kinachotoka.

Uchaguzi wenyewe

Maji yana viuatilifu, harufu au viyeyusho: chagua mkaa amilifu, na usipoteze muda. Yana risasi au kadimi kidogo, pH ya karibu 7, na fedha za kemikali ni chache: bayochari ya samadi iliyooshwa vizuri, ukichunga fosfati inayovuja siku za mwanzo. Ni maji taka ya kiwanda yenye shaba nyingi, kromati au rangi za nguo, kwenye tangi la asidi: kitosani kilichoungwa minyororo kinastahili gharama yake.

Yakiwa na metali pamoja na viuatilifu, panga viwili kwa mfuatano. Mchanga wa kukamata tope utangulie, kisha bayochari, kisha mkaa amilifu, ambao utakamata pia rangi ya manjano inayotoka kwenye bayochari. Hakuna kati ya hivi vitatu kinachotegemewa kuua vijidudu, na juu ya mkaa amilifu bakteria huota kwa raha. Klorini iwekwe mwisho kabisa, baada ya mkaa, kwa kuwa ikitangulia mkaa utaimaliza yote kabla haijafika kwenye tangi.